Gemu za zamani katika vishikwambi: Mwendo kwanza, sura baadaye

Ndugu msikilizaji, na wewe msomaji unayeyapata maelezo haya gazetini baada ya kusomwa redioni, juma hili nimeletewa swali na msikilizaji mmoja wa Tanga. Anasema hivi: "Ndugu mtangazaji, nimemnunulia mwanangu kishikwambi cha bei ya chini, nikamwekea gemu za mpira za PSP. Siku ya kwanza zilikwenda vizuri. Kijana akaingia kwenye mipangilio, akapandisha kila kitu juu ili picha ing'ae. Sasa picha inang'aa kweli, lakini wachezaji wanakimbia kama watu walio ndani ya maji, na sauti inakwaruza. Fundi ameniambia kishikwambi hakina nguvu, nikiuze, niongeze fedha ninunue kingine. Nifanye nini?"

Jibu langu la haraka ni kwamba asikiuze bado. Kabla ya kutoa shilingi nyingine, hapana budi ajue ni mzigo gani ambao mashine ile ndogo imetwishwa, na ni sehemu ipi ya mzigo huo inayoweza kupunguzwa bila kupoteza raha ya mchezo. Hilo ndilo jambo la kulizungumza leo, kwa sababu wenye tatizo hili ni wengi. Neno lenyewe kishikwambi lilikuwa geni kwa wengi wetu hapa Tanzania mpaka Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa navyo mikononi. Leo ni chombo cha nyumbani: mtoto anasomea, mama anasikilizia taarabu, baba anasomea magazeti, na jioni kila mmoja anakitaka kwa ajili ya mchezo.

Mkalimani wa katikati

Kwanza tuelewane kuhusu kinachofanyika ndani. Gemu ya zamani haikutengenezwa kwa ajili ya kishikwambi. Gemu za mashine ambayo Nintendo waliitoa Japani mwaka 1983 kwa jina la Famicom, na ambayo nchi nyingine ziliijua kwa jina la NES, ziliandikwa kwa lugha ya prosesa yenye mwendo wa megahezi 1.79. Gemu za PlayStation, iliyotoka Japani Desemba 1994, ziliandikwa kwa lugha ya prosesa nyingine, yenye megahezi 33 na ushei. PSP ikafuata Desemba 2004, na prosesa yake iliweza kufika megahezi 333. Kishikwambi chako hakijui hata lugha moja kati ya hizo.

Kwa hiyo huwekwa programu ya katikati, iitwayo emuleta. Kazi yake ni ya mkalimani: husikiliza amri ambazo gemu inazitoa kwa mashine yake ya asili, huzigeuza ziwe amri ambazo kishikwambi kinazielewa, na hapo hapo huigiza chipu ya picha, chipu ya sauti, na hata pedi ya kuchezea. Gemu yenyewe haijui kwamba imehamishwa nyumba.

Waliowahi kukaa katika mikutano ya kimataifa wanajua kwamba wakalimani si wa namna moja. Yupo anayefasiri sentensi moja baada ya nyingine, na msemaji akiirudia sentensi ile ile mara mia, naye huifasiri upya mara mia. Yupo mwingine ambaye akishaifasiri mara ya kwanza huiandika pembeni, na ikirudi tena huisoma tu. Emuleta nazo ziko za namna hizo mbili, na hii ya pili ina kasi zaidi kwa mbali.

Hapa wenye iPad waangalie jambo moja. Kampuni ya Apple iliruhusu emuleta za gemu za zamani katika duka lake la programu mwezi Aprili 2024, na mwezi uliofuata PPSSPP, ambayo ni emuleta ya PSP, ikaingia dukani humo. Lakini mlango haukufunguliwa wote: programu hizo hazikupewa ruhusa ya kumtumia yule mkalimani wa pili anayeandika pembeni. Katika Android ruhusa hiyo ipo. Basi wawili wenye vyombo vya aina hizo mbili wasishangae wakiona emuleta moja ikifanya kazi kwa namna mbili.

Milisekunde 16

Sasa tuje kwenye saa, maana ugomvi wote wa sura na mwendo ni ugomvi wa muda. Mashine nyingi za gemu za zamani zilipeleka picha kwenye televisheni mara 60 kwa sekunde. Kila picha moja huitwa fremu. Gawanya sekunde moja kwa 60, utapata milisekunde 16 na sehemu 7 za kumi. Katika muda huo mfupi kuliko kupepesa jicho, emuleta inatakiwa iwe imefasiri kila amri ya gemu, imechora picha nzima, imetengeneza sauti, na imesoma vidole vyako viko wapi juu ya kioo.

Mtu anaweza kusema, basi ikichukua milisekunde 18 kuna ubaya gani, si imechelewa kidogo tu? La hasha. Kioo cha kishikwambi ni kama boti ya kwenda Unguja. Ukifika bandarini dakika mbili baada ya boti kung'oa nanga, hutachelewa Unguja kwa dakika mbili; utasubiri boti ya pili. Vivyo hivyo picha iliyokosa zamu yake husubiri zamu inayofuata, na wewe mtazamaji huonyeshwa picha ile ile ya zamani mara mbili. Hali hiyo ikirudiwa kila mara, mchezo uliokuwa ukiteleza huanza kukwamakwama, ingawa upungufu wenyewe ni wa milisekunde moja na kidogo.

Na hapa naomba niseme kama mtu wa redio. Wapenzi wa gemu wengi huchunguza picha kwa macho, lakini mimi nawashauri wachunguze kwa masikio. Nilipoanza kazi hii, studio zetu bado zilikuwa na mashine za kanda, na fundi hodari hakuhitaji kuitazama mashine ili ajue kwamba kanda inaburuta: alisikia sauti ya msoma habari ikiwa nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini. Jicho husamehe mengi. Sikio halisamehi.

Sababu yake ni ya hesabu. Sauti ya PlayStation na ya PSP hutengenezwa kwa vipande 44,100 kila sekunde. Kwa fremu 60, kila fremu inatakiwa kuja na vipande vyake 735. Kishikwambi kikimudu kazi ya fremu 50 tu badala ya 60, kila sekunde kunakosekana vipande 7,350. Emuleta itafanya moja kati ya mawili: itaivuta sauti ili izibe pengo, au italiacha pengo wazi, na hapo ndipo unaposikia ule mkwaruzo anaousema ndugu yetu wa Tanga. Kwa hiyo muziki wa gemu ndio kipimo chako cha bure. Ukiwa safi kuanzia mwanzo wa mechi hadi mwisho, mwendo uko sawa. Ukianza kutetemeka, ujue kuna mahali umeibebesha mashine kupita kiasi, hata kama macho bado hayajaona.

Hesabu ya nukta

Je, mzigo huo unatoka wapi? Mara nyingi unatoka kwenye idadi ya nukta. Kioo cha PSP kilikuwa na nukta 480 kwa upana na 272 kwa kimo, yaani jumla ya nukta 130,560. Emuleta inaweza kuichora gemu hiyo hiyo kwa nukta nyingi zaidi, na kwa kweli sura hupendeza: nyuso zinaonekana, nyasi za uwanja zinaonekana, namba za jezi zinasomeka. Lakini tazama gharama yake. Ukichagua mara 2, umeongeza upana mara 2 na kimo mara 2, kwa hiyo nukta ni mara 4, yaani 522,240. Ukichagua mara 3, nukta ni mara 9. Ukichagua mara 4, ni mara 16, na idadi yake ni 2,088,960. Mtu akisoma "mara 4" kwenye mipangilio hudhani ameongeza mzigo mara nne, kumbe ameuongeza mara kumi na sita.

Nilimwuliza ndugu yetu kioo cha kishikwambi chake kina nukta ngapi, akanijibu 1280 kwa 800. Hizo ni nukta 1,024,000. Mwanawe ameweka mara 4. Maana yake ni kwamba mashine inahenyeka kuchora nukta zaidi ya milioni mbili, kisha inazikunja ili ziingie katika kioo chenye nafasi ya milioni moja tu. Kingo za picha hulainika kidogo kwa kazi hiyo, nakubali, lakini ni sawa na kupika sufuria mbili za wali kwa wageni wa sufuria moja. Akirudi kwenye mara 2, mzigo wa nukta unashuka hadi robo, na kwa kioo cha ukubwa ule tofauti ataiona tu akikikaribia kwa pua. Nina hakika kwamba hapo ndipo pa kuanzia, kabla ya kumsikiliza fundi.

Mambo mengine ya urembo nayo yana bei zake. Kuna kulainisha michoro inayobandikwa juu ya vitu, kama vile ukuta na nguo. Kwa kiasi kidogo ni rahisi. Lakini kuna namna nyingine ambayo programu huichora upya michoro hiyo kwa ukubwa zaidi wakati mchezo ukiendelea, na hiyo hula nguvu nyingi, hasa unapoingia sehemu mpya ya mchezo ambapo michoro mingi hutokea kwa pamoja. Mchezo unakwenda vizuri, unafungua mlango, unakwama nusu sekunde, kisha unaendelea. Wengi hulaumu gemu. Wa kulaumiwa ni urembo huo.

Sura ya asili

Tukiacha PSP na kurudi nyuma zaidi, hadi enzi ya NES na Sega Mega Drive ya mwaka 1988, habari inabadilika. Kwa gemu hizo, hata kishikwambi cha bei ya chini kina nguvu za kutosha na kubaki. Tatizo la sura huko halihusu nguvu; linahusu vipimo. Picha ya NES ina mistari 240. Kioo cha mistari 800 kinaweza kuichukua mara 3 kamili, yaani mistari 720, na kuacha utepe mweusi wa mistari 40 juu na 40 chini. Mtu asiyependa weusi huo huivuta picha ijaze kioo. Sasa 800 kwa 240 ni mara 3 na theluthi. Kwa hiyo nukta nyingine hupewa mistari 3 na nyingine 4, na mhusika akitembea, ardhi inaonekana kama inachezacheza. Dawa yake haigharimu kitu: chagua vipimo kamili, ukubali utepe mweusi.

Kadhalika, wenye gemu za zamani walichora wakijua zitatazamwa kwenye televisheni zile nzito za kioo cha mgongo. Katika Sonic the Hedgehog ya mwaka 1991, maporomoko ya maji yalichorwa kwa mistari ya wima, mmoja una rangi na mmoja hauna. Televisheni ya zamani iliyounganishwa kwa waya wa kawaida iliichanganya mistari hiyo, na macho yakaona maji unayoweza kuona kupitia ndani yake. Kwenye kioo cha leo chenye ukali wa wembe, maji yale yanaonekana kama pazia la mistari. Kwa hiyo ukali wa picha peke yake si ubora. Ziko programu ndogo za kuigiza televisheni ya zamani, na kwa gemu nyepesi kama hizi ndiko pazuri pa kutumia nguvu zilizobaki. Lakini nazo ziko nyepesi na nzito. Ile inayoigiza kila kitone cha kioo cha zamani inaweza kukilemea kishikwambi kuliko gemu yenyewe.

Nguvu zilizobaki zinaweza pia kutumika kwa jambo lisiloonekana. Tangu mwaka 2018 programu ya RetroArch imekuwa na namna ya kuitanguliza gemu fremu moja au mbili mbele, ili kidole kikigusa, mhusika aruke mapema zaidi. Kazi hiyo inailazimu emuleta kupiga hesabu zaidi ya mara moja kwa kila fremu. Mimi ningechagua hiyo kabla ya urembo wowote, kwa maana mchezo unachezwa kwa vidole.

Uaminifu nao una bei

Mvutano huu haukuanza na vishikwambi. Waandishi wa emuleta wenyewe wamekuwa wakigombana nao tangu miaka ya 1990. Januari 1999 ilitoka programu iliyoitwa UltraHLE, ikawashangaza watu kwa kuendesha gemu za Nintendo 64 kwenye kompyuta za nyumbani, wakati mashine yenyewe, iliyotoka mwaka 1996, bado iko madukani. Siri yake ilikuwa kutofasiri kila neno. Badala ya kuigiza kila hatua ya chipu ya picha, ilitambua gemu inataka nini kwa ujumla, ikaipa kadi ya picha ya kompyuta kazi hiyo moja kwa moja. Kasi ikapatikana, lakini kwa gemu chache tu. Zile zilizofanya mambo kwa njia yake zenyewe hazikuelewa lugha ya mkato.

Upande wa pili alisimama mwandishi aliyejulikana kwa jina la byuu, na emuleta yake ya Super Nintendo iitwayo bsnes. Yeye alitaka kila hatua iigizwe kama ilivyokuwa. Mwaka 2011 alieleza kwamba kazi hiyo ilihitaji kompyuta ya gigahezi 3, ingawa prosesa ya Super Nintendo haikuvuka megahezi 3.58. Hiyo ni zaidi ya mara 800. Watu walimwuliza kwa nini ajisumbue wakati emuleta nyepesi zinaendesha gemu nyingi bila taabu. Mfano mmoja aliotoa ni gemu ya Speedy Gonzales: katika emuleta zilizokata njia, mchezaji alifika hatua ya 6-1, akakanyaga swichi, na gemu ikaganda. Mtu amecheza saa nyingi, anakaribia mwisho, na safari inaishia hapo kwa sababu ya kitu kidogo ambacho mkalimani aliona hakina maana.

Kwa hiyo unapoiona katika mipangilio sehemu inayokuambia kwamba ukiruka hatua fulani utapata kasi, ujue unanunua kasi kwa uaminifu. PPSSPP inayo sehemu ya namna hiyo, inayoruka baadhi ya kazi za kuandaa picha. Katika gemu moja huoni tofauti yoyote. Katika nyingine vivuli vinapotea, au kioo kinakuwa cheusi kabisa. Itumie kama dawa kali: pale tu inapohitajika, na kwa gemu inayoihitaji peke yake.

Joto

Kuna adui mmoja ambaye hatajwi kwenye boksi la kishikwambi, naye ni joto. Kompyuta ya mezani ina feni. Kishikwambi cha kawaida hakina. Prosesa ikifanya kazi nzito, joto hupanda, na ikifika kiwango fulani mashine hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Ndiyo sababu gemu inakwenda vizuri dakika kumi za kwanza, kisha inaanza kuzubaa. Mtu hubadilisha mipangilio, anajaribu kwa dakika mbili, anafurahi, anaondoka. Kesho analalamika tena. Hakupima.

Sisi wa pwani tunalijua jambo hili kuliko watu wa nchi za baridi. Januari ya Tanga au ya Mombasa, hewa yenyewe imeshapanda nyuzi 30 na zaidi kabla mashine haijawashwa. Ukiongeza kifuniko cha mpira kinachozuia hewa, na waya wa chaji ambao nao huleta joto lake, umekifunga kishikwambi blanketi. Kivue kifuniko, chaji kwanza kisha cheza, na kila jaribio lichukue dakika 20 zisizopungua. Mpangilio unaofaa ni ule unaohimili dakika ya ishirini.

Si kila polepole ni ugonjwa

Kabla ya kutibu, hakikisha kuna maradhi. Televisheni zetu za zamani zilifuata mfumo wa PAL, uliokuwa na picha 50 kwa sekunde, tofauti na Japani na Marekani zilizokuwa na 60. Gemu nyingi ziliposafirishwa kwenda nchi za PAL hazikurekebishwa, zikawa zinakwenda polepole kwa sehemu moja ya sita, na muziki wake pia. Ukiwa na toleo la Ulaya la gemu ya namna hiyo, kihesabu fremu kitakuonyesha 50, na hakuna mpangilio utakaoifikisha 60. Ndivyo ilivyozaliwa.

Vivyo hivyo, The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya mwaka 1998 ilikuwa na picha mpya 20 tu kwa sekunde kwenye mashine yake mwenyewe. Na Gradius III ya Super Nintendo ilijulikana kwa kuzubaa risasi zikijaa kiooni. Emuleta iliyo mwaminifu itakuletea hata uzubaifu huo. Kwa sababu hii usitazame idadi ya fremu peke yake. Emuleta nyingi huonyesha pia asilimia ya mwendo ukilinganisha na mashine ya asili. Ikisoma 100 wakati wote, kazi yako imekwisha, hata kama fremu ni 20.

Namna ya kupanga

Sasa nije kwenye utaratibu wenyewe, na msomaji anaweza kuukata na kuuweka. Kupanga ni kuchagua, na katika jambo hili la kuchagua kwanza ni mwendo.

Kwanza, rudisha kila kitu kwenye hali ya awali, na idadi ya nukta iwe ile ya mashine ya asili, yaani mara 1. Washa kihesabu cha mwendo kionekane pembeni ya kioo.

Pili, chukua sehemu ngumu kuliko zote katika gemu: mechi ya mvua yenye watazamaji wengi, au pambano lenye maadui wengi. Usipime kwenye ukurasa wa mwanzo wa gemu, maana hapo kila mashine ni shujaa. Cheza dakika 20 ukisikiliza muziki.

Tatu, kama mwendo haukufika 100 hata kwa mara 1, basi tatizo haliko kwenye nukta. Liko kwa mkalimani. Jaribu njia nyingine ya kuchora: Android nyingi zina njia mbili, OpenGL na Vulkan, na hakuna inayoshinda kwenye kila chombo, kwa hiyo jaribu zote mbili. Hakikisha mkalimani mwenye kasi ndiye anayetumika. Zima programu nyingine. Ikishindikana, ruhusu kuruka fremu moja, ili mchezo uende kwa mwendo wake ingawa picha zitapungua.

Nne, kama mwendo umefika 100 na kubaki hapo, panda ngazi moja tu: kutoka mara 1 hadi mara 2. Pima tena dakika 20. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, maana mambo yakiharibika hutajua nani mkosaji. Ukifika idadi ya nukta inayokaribia ile ya kioo chako, simama.

Tano, zilizobaki zigawe: kwanza wepesi wa vidole, kisha ulainifu wa michoro, na mwisho kabisa mapambo ya kioo. Hifadhi mpangilio kwa kila gemu peke yake. God of War: Chains of Olympus ya mwaka 2008 ni mzigo mzito kwa emuleta ya PSP, gemu ya karata si mzigo. Si haki kuzivalisha shati moja.

Kwa nini tujisumbue

Wapo watakaosema haya ni mambo ya watoto. Mimi sioni hivyo. Julai 2023 taasisi ya Marekani iitwayo Video Game History Foundation ilitoa utafiti ulioonyesha kwamba asilimia 87 ya gemu za zamani zilizotolewa nchini humo haziuzwi tena kwa njia yoyote. Mashine zake zinakufa, betri ndani ya kaseti zinakwisha, diski zinachubuka. Kwa nyingi kati ya hizo, emuleta ndiyo nyumba iliyobaki. Na kwa familia isiyo na fedha ya kununua mashine mpya kila baada ya miaka michache, kishikwambi cha bei ya chini kilichopangwa vizuri ni maktaba ya michezo ya miaka arobaini.

Lakini nyumba hiyo ina sheria zake. Emuleta na gemu ni vitu viwili mbalimbali. Mwaka 2000 mahakama ya rufani ya Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, iliona kwamba kuchunguza mashine ili kutengeneza emuleta si wizi. Gemu zenyewe zimebaki kuwa mali ya wenyewe, na hapa Tanzania tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Diski uliyonunua dukani ni yako kuicheza; kujaza kadi kwa gemu elfu moja za kibandani ni jambo jingine, na mzazi asilifumbie macho.

Wahenga walituachia msemo kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Picha inayong'aa juu ya mchezo unaokwama ni mkakasi mtupu. Waliotengeneza gemu zile walikuwa na nukta chache na rangi chache, na kitu walichokilinda kwa wivu kuliko vyote kilikuwa mwendo: ukibonyeza, mhusika aruke, na aruke pale pale. Nasi tukilinde hicho kwanza. Urembo utapata nafasi yake, kwa kadiri ya nguvu zitakazobaki.

Hadi juma lijalo panapo majaliwa, nakutakia kila la heri.